Maswali yenu ya usafiri: mishikaki, CBM, kivuko cha gulio na semi inayorudi tupu

Haya tuanze, meseji ni nyingi. Zinazojirudia nimechukua moja nijibie wote, na nyie mnaouliza "bei gani" bila kusema mzigo una ukubwa gani wala uzito gani, safari hii nimemjibu mmoja kwa niaba yenu, someni vizuri msinitumie tena.

Nakaa Mbagala, nina watoto wawili wa chekechea. Asubuhi bodaboda anatubeba wote mpaka shule, watoto ni wadogo hawana hata kilo 20 kila mmoja. Kuna ubaya?

Upo mama, tena mkubwa. Hiyo ni mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja kwenye pikipiki, hata kama wa katikati ni mtoto, kilo siyo hoja. Pikipiki imetengenezwa kwa dereva na abiria mmoja, basi. Yule anayekaa mbele juu ya tangi ndiye anayetangulia kugonga usukani dereva akishika breki ghafla, wa katikati hana pa kuweka miguu, na helmeti ya kuwaenea hawana maana bodaboda wengi wana moja tu ya ziada na ni ya mtu mzima. Tafuta jirani mwenye mtoto shule hiyohiyo mchange bajaji. Na wazazi wote mnaosoma hapa, dereva anabeba mishikaki kwa sababu nyie mnapanda, mkikataa kuanzia kesho ataacha bila kusubiri trafiki.

Habari, kutuma mzigo toka China hadi Dar ni shilingi ngapi? (Mfanyabiashara mpya, Kariakoo)

Swali hili nalipata kila wiki na kila wiki halijibiki. Kwa meli, mzigo wa kuchanganya unalipia nafasi, ndiyo hiyo CBM, mita moja ya ujazo, urefu mara upana mara kimo. Boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni 0.12 CBM, yaani maboksi nane ya hivyo hayajafika CBM moja. Kwa ndege wanaangalia uzito wa mzani na uzito wa ujazo halafu wanachukua ulio mkubwa, na ule wa ujazo kwa kawaida ni sentimita zote tatu unazizidisha kisha unagawa kwa 6,000, za kurieri nyingi wanagawa kwa 5,000. Boksi letu lilelile kwa 6,000 linatoka kilo 20 hata kama ndani kuna midoli ya kilo 6. Ndo maana mtu anatuma midoli kwa ndege halafu anakuja kulalamika kaibiwa. Vyepesi vinavyojaza nafasi viende kwa meli, vidogo vyenye thamani ndo vya ndege. Pima boksi kwanza, ndipo umuulize agenti anatoza ngapi kwa CBM au kwa kilo, na uulize kama hiyo bei ina ushuru ndani au haina.

Hujaniuliza ila nasema: betri. Pawabenki haiingii kwenye begi unalokabidhi uwanjani, inakaa na wewe, na kikomo bila kuomba ruhusa ni Wh 100 (wati-saa, unazidisha mAh kwa volti kisha unagawa kwa 1,000), kwahiyo ile ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ni Wh 74 haina shida. Wale wanaofunga betri katikati ya manguo kwenye mzigo wa ndege ili wasilipe zaidi wanahatarisha maisha ya watu wasiowajua, betri ya lithiamu ikishawaka inajipandisha joto yenyewe na kuizima ni kazi kubwa.

Agenti wangu anasema kontena toka Guangzhou limechelewa miezi miwili kwa sababu ya vita vya Bahari Nyekundu. Kweli?

Mwambie akuoneshe kwenye ramani. Meli ya kutoka kusini mwa China inashuka Singapore, inapita mlango wa Malacca, inakata Bahari ya Hindi mpaka Dar, Bahari Nyekundu ipo juu huko wala haiko njiani. Ni kweli kwamba kuanzia mwisho wa 2023 meli nyingi za Asia na Ulaya zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari zikawa ndefu, meli na makontena yakawa adimu, mwaka 2024 bandari ya Singapore ikafurika, kwahiyo na sisi ilitugusa, ila kutumia hilo kuelezea kila ucheleweshaji sikubali. Mzigo ukitoka Uingereza au Ujerumani hapo msikilize. Wewe mdai namba ya kontena, ni herufi nne na tarakimu saba, pamoja na jina la kampuni ya meli, ingiza kwenye mtandao wao utaona liko wapi. Agenti asiyetaka kutoa namba, mara nyingi mzigo bado uko stoo kwake China unasubiri wenzako wajaze kontena.

Basi la usiku au la mchana?

Mchana kama una uwezo wa kuchagua. Za usiku zimerudi tangu 2023 na sizipingi, lakini safari ndefu uliza kabla hujalipa kama kuna madereva wawili, na mkiwa njiani mkaona linazidi kilomita 80 kwa saa msinyamaze, semeni kwa sauti kondakta asikie, akipuuza pigeni LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu.

Nipo Dodoma. Treni ya umeme wamenikatalia magunia mawili ya karanga, wakati treni ya zamani tulikuwa tunapanda na mizigo yetu. Huu sio uonevu?

Sio uonevu kaka. Ile ni treni ya abiria inakimbia mpaka kilomita 160 kwa saa, gunia lililolazwa kwenye njia ya kupita likihama hapo kuna bibi anavunjika mguu, na ikitokea dharura watu watatokaje. Tangu ianze Dar mpaka Morogoro Juni 2024 na kufika kwenu Julai mwaka huohuo naletewa malalamiko haya kila mara, na kila mara nasema hivi, mzigo una treni yake na mtu ana treni yake. Bandari kavu ya Kwala ilizinduliwa Julai 2025 pamoja na huduma ya mizigo ya SGR, ndiyo hiyo reli mpya ya umeme, huko ndiko ninakotaka serikali ikaze, makontena yatoke barabarani yapande reli maana treni moja ya mizigo inaondoa malori makumi kwenye barabara ya Morogoro. Hoja yako ya haki ni moja tu, kwamba mkulima wa magunia mawili bado hana kaunta rahisi ya kupeleka mzigo mdogo kwa reli, na hilo TRC, shirika la reli, wanapaswa kulifanyia kazi. Kwa sasa tuma kwa basi au kwa Fuso ya sokoni.

Kwa nini behewa la TAZARA lisiendelee moja kwa moja reli ya kati?

Upana. Reli ya kati ya zamani ni milimita 1,000, TAZARA, ile ya kwenda Zambia, 1,067, SGR 1,435. Kati ya TAZARA na reli ya zamani kituo kilichojengwa cha kuhamishia mzigo ni Kidatu.

Sisi wa visiwani Ukerewe tunajazwa kwenye maboti pamoja na mahindi, saruji na mbuzi, siku za gulio ndo balaa. Ukilalamika unaambiwa kama hutaki shuka. Tufanyeje?

Hili ndilo swali nililotaka niletewe, nisomeni wote hata wa mjini mnaopanda boti za Zanzibar.

MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba kuja Mwanza, mamia wakafa. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaa watu na mizigo kupita kiasi. Na kwenu hapohapo, MV Nyerere, 20 Septemba 2018, siku ya gulio, hatua chache kabla ya gati la Ukara. Kivuko cha watu 101. Miili iliyopatikana ni 228 na waliookolewa 41, ukijumlisha unaona mwenyewe walipakia mara mbili na zaidi, na ndani kulikuwa na mahindi na saruji, na wakati uokoaji unaendelea hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika waliopanda walikuwa wangapi.

Watu wanadhani chombo kinazama kwa sababu ya kilo tu. Kilo zimekaa wapi, hilo ndo la kuangalia. Gunia likiwekwa chini kabisa linakituliza chombo, likipangwa juu ya deki linakifanya kiwe na kichwa kizito, kikiinama kidogo hakirudi. Mzigo usiofungwa kamba unateleza kwenda upande ulioinama na kuongeza mwinamo. Na abiria tunafanya hivyohivyo, kivuko kikikaribia gati wote tunasimama na kujazana upande wa kushukia, kwahiyo hata mnapoona nchi kavu kaeni mahali penu mpaka kifungwe kamba. Kwenye meli angalieni ubavuni kuna duara lenye mstari katikati, mstari ukishamezwa na maji hiyo ni dalili kwamba meli inaweza kuwa imezidisha, huhitaji uhandisi kuliona hilo. Boti la mbao halina alama ila lina cheti kinachosema idadi ya watu, ombeni mkione, na ubao wa juu ukiwa umebaki kiganja kimoja kugusa maji shukeni.

Mmesema mnaambiwa shukeni. Basi shukeni, lakini shukeni wengi. Mmoja akishuka nahodha anacheka, wakishuka kumi nauli imepungua na lazima ashushe magunia. Pigeni picha ya chombo kilivyojaa na jina lake lionekane, mpelekeeni mtendaji na TASAC, wasimamizi wa usafiri wa majini, siku hiyohiyo siyo baada ya wiki. Jaketi la kuokolea livaeni, lililofungiwa kwenye sanduku chini ya magunia halimsaidii mtu. Na dai jina lako liandikwe kabla ya kuondoka, mtu asiyeandikwa familia yake inahangaika kutafuta hata maiti.

Kwa serikali nasema hivi: siku ya gulio inajulikana, iko kwenye kalenda kila wiki. Kupeleka askari wa kuhesabu vichwa ni sawa lakini haitoshi, watu watapanda tu kwa sababu mahindi hayawezi kusubiri. Ongezeni safari siku hiyo, na tenganisheni, safari ya mizigo iende yake na ya watu iende yake.

Nina tani 8 za viazi Uyole nataka zifike Dar. Fuso anataka hela nyingi, dereva wa semi inayotoka Tunduma anataka nusu yake. Nimwamini nani?

Bei ya semi, yaani lori la tela refu, inaweza kuwa halali kabisa, yule kashapeleka mzigo Zambia au Congo na anarudi tupu, mzigo wa kurudi kwake ni hela ya mafuta tu. Kinachonitia wasiwasi ni alichobeba wakati wa kwenda. Malori yanapandisha salfa, kemikali za migodi, mbolea, halafu wewe unamwaga chakula cha watu kwenye bodi hilohilo. Panda juu uangalie mwenyewe, nusa, kama kuna unga wa njano au harufu kali achana naye hata akubebee bure. Angalia na namba za gari, likiwa la nje kubeba mzigo wa ndani kwa ndani ni kosa na viazi vyako vitaozea barabarani. Usimlipe yote mwanzo, mwisho wa hela apewe Dar.

Na ninyi wa viazi acheni lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Gunia linalobebwa na vijana wanne linawavunja migongo na linamdanganya dereva uzito wake, akifika mizani anashangaa ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, imezidi. Kikomo cha lori zima Afrika Mashariki ni tani 56 ila kila ekseli nayo ina kikomo chake, na wahandisi wa barabara wanahesabu kwamba ekseli ikizidi kwa asilimia 20 inaiumiza lami karibu mara mbili. Mashimo mnayolalamikia mengine yanatokana na mizigo yenu wenyewe.

Naruhusiwa kubeba dumu la petroli kwenye Noah ya abiria nikilifunga vizuri?

Hapana. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini ya siti, unatafuta cheche. Waliokufa Msamvu, Morogoro, Agosti 2019 baada ya lori la mafuta kupinduka ni zaidi ya 100 na ilikuwa nje, hewani, sembuse ndani ya Noah madirisha yamefungwa. Na ukiona abiria mwenzako kapanda na dumu, shusheni dumu kwanza ndipo muendelee na safari.

Nahama Kimara naenda Kigamboni, chumba na sebule. Kirikuu au Canter?

Canter, safari moja. Kirikuu utalipa mara mbili na friji utalilaza, friji lisafiri wima. Mtungi wa gesi funga koki, usimame wima, usikae kwenye kabini na watu. Na vijana watakaokusaidia kubeba wasikae juu ya godoro kule nyuma, mkianza safari wape nauli wapande daladala.