Tapeli hahitaji uwe mjinga

Msomaji kaniandikia akicheka: "Anayetapeliwa kwa meseji zama hizi kajitakia." Ndugu yangu, njoo ukae dirishani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, kwenye uwakala wa pesa za simu.

Juzi kaja mama anayechuuza dagaa Kibirizi. Simu sikioni, mkononi laki tatu na nusu na kikaratasi chenye namba. Salamu hakuna, na si kawaida yake. Naingiza namba, linatokea jina geni. "Mama, huyu unamjua?" Akaweka kidole mdomoni pake, ninyamaze. "Tuma mwanangu, mzee yuko hospitali." Nikamrudishia hela yake. Alinitukana mbele ya wateja, eti nina roho mbaya. Basi kijana mmoja akampigia mzee mwenyewe, mwenye mtumbwi: yuko mwaloni anashona nyavu, mzima wa afya. Mpaka leo yule mama anatolea hela kwa jirani yangu. Sawa tu.

Mama yule anapiga hesabu za magunia kichwani kunishinda mimi na kikokotozi. Ila alikuwa amechukua dagaa wa huyo mzee kwa mali kauli, deni linamnyima usingizi. Ikaingia meseji: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Tapeli hakumjua yeye wala mzee, huwa wanarusha tu kwa watu wengi. Jina la mzee alilitaja mama mwenyewe alipopiga kuuliza, hospitali ikafuatia, kisha akaambiwa asikate simu. Hapo ndipo ujanja ulipo: ukiwa hewani na una haraka, huna nafasi ya kufikiri wala ya kumuuliza mtu.

Wengine hunaswa kwa kuona wenzao wamefaulu. Kwenye DECI, ule upatu uliosimamishwa 2009, watu "walipanda mbegu" kwa sababu jirani alishavuna. Alichovuna ni hela za waliokuja nyuma yake.

Kwa hiyo kata simu. Kata! Piga namba uliyoisevu mwenyewe. Namba ya tapeli itume 15040, na ubonyeze *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Na acheni kuwacheka waliolizwa. Wakiona aibu wananyamaza, na namba ileile inahamia kwa mama yako.

Mawakala wenzangu, kamisheni ya muamala mmoja isiwazibe macho. Mteja akija na simu sikioni, msomee jina kwa sauti kabla hujabonyeza. Akitukana, vumilia.