Injini imezimwa, boti bado inakwenda: v² = u² + 2as inagoma wapi?

Swali

Mwalimu, shikamoo. Niko kidato cha sita, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), hapa Mwanza. Kwenye jaribio tulipewa boti inayokwenda mita 6 kwa sekunde. Injini inazimwa, na kuanzia hapo maji yanaipunguza mwendo kwa mchapuko (acceleration) a = −0.02v², v ikiwa ni kasi yake. Tukaambiwa tutafute imekwenda umbali gani mpaka kasi ishuke kufikia 3 m/s, na imetumia muda gani. Mimi niliweka v = 6 nikapata a = −0.72, nikaiingiza kwenye v² = u² + 2as (u ni kasi ya mwanzo, v ya mwisho, s ni umbali), likaja jibu la mita 18.75. Nimekosa alama zote, jibu ni mita 34.7. Swali jingine lilikuwa la chembe yenye x = t³ − 9t² + 24t: imesafiri umbali gani kwa sekunde 5 za kwanza? Niliweka t = 5 nikapata 20, wao wanasema 28. Darasani tunasoma kwa Kiingereza. Hesabu nazifuata ubaoni, ila sababu yake siioni. Naomba unieleze kwa Kiswahili.

Jibu

Marahaba mwanangu. Makosa yako ni mawili, na hayana undugu, kwa hiyo nitayachukua moja moja. La boti ndilo lenye nyama, tutakaa nalo zaidi.

Kabla ya kushika kalamu, shuka siku moja Mwaloni, Kirumba, usimame pale boti zinapoingia. Mwangalie yule wa mashine. Akiizima, povu jeupe la nyuma linakatika, pua iliyokuwa imeinuka inashuka majini, na boti inashikwa kwa nguvu. Aliyesimama bila kujishikilia anapiga hatua mbele. Hiyo ni ile sekunde ya kwanza. Subiri kidogo. Boti sasa inateleza taratibu, hakuna anayeyumba tena, na inakuwa kama haitaki kusimama wala haitaki kufika. Mwisho mtu anachukua upondo anaisukuma hadi mchangani. Maji ni yaleyale na boti ni ileile, lakini breki ya mwanzo na breki ya mwisho ni vitu viwili tofauti.

Sasa rudi kwenye karatasi yako. Wewe ulisema breki ni 0.72 mwanzo hadi mwisho. Kwenye 6 m/s ni kweli. Lakini boti ikiwa kwenye 3 m/s, weka v = 3: 0.02 × 9 = 0.18. Breki imebaki robo. Ile v² = u² + 2as ilitengenezwa kwa mchapuko usiobadilika, na kwa mwendo wa namna hiyo kalkulasi (calculus, hesabu ya vitu vinavyobadilika) haihitajiki kabisa. Galileo alichapisha hesabu za vitu vinavyoanguka mwaka 1638, miaka minne kabla Newton hajazaliwa. Ukidondosha jiwe kutoka kwenye mwamba, itumie bila wasiwasi. (Na g, mchapuko wa kitu kinachoanguka, hapa Mwanza ni karibu 9.78, si 9.81. Tuko jirani na ikweta na juu ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari. Kwenye mtihani fuata wanachokupa.)

Hata bila kalkulasi ungeweza kujua kwamba 18.75 si jibu. Breki ingekuwa 0.72 muda wote, boti ingekwenda 27/1.44 = 18.75. Ingekuwa 0.18 muda wote, ingekwenda 27/0.36 = 75. (Hiyo 27 ni 36 − 9.) Breki ya kweli iko katikati ya hizo mbili, basi jibu ni lazima liwe kati ya 18.75 na 75. Wewe umeandika ukingo wenyewe. Zoea kufanya hesabu hii ya pembeni. Inachukua nusu dakika.

Twende hatua moja mbele, na hapa ndipo ningependa upunguze mwendo usome polepole. Katakata safari vipande vitatu: kutoka 6 hadi 5, kutoka 5 hadi 4, kutoka 4 hadi 3. Ndani ya kila kipande jifanye breki haibadiliki, na uipime kwenye kasi ya katikati.

Kipande cha kwanza, kasi ya katikati ni 5.5, breki 0.605. Umbali: (36 − 25)/1.21 = mita 9.09.

Cha pili, 4.5, breki 0.405. Umbali: (25 − 16)/0.81 = mita 11.11.

Cha tatu, 3.5, breki 0.245. Umbali: (16 − 9)/0.49 = mita 14.29.

Jumlisha: 34.49. Umetumia kanuni ileile iliyokukosesha, ila mara tatu badala ya mara moja, na umebakiza kama sentimita 17 tu kufika kwenye jibu. Ukikata vipande kumi utasogea zaidi. Ukikata vipande visivyohesabika, kila kimoja chembamba kuliko unywele, unalifikia lenyewe. Kazi hiyo ya kujumlisha vipande vyembamba mno ndiyo integresheni, na ile alama ya ∫ ni herufi S iliyovutwa, S ya jumla kwa Kilatini. Wanafunzi wengi wanaichora miaka miwili bila kuambiwa hilo.

Haya, tuifanye rasmi. Mchapuko ni kasi ya mwendo kubadilika kwa muda, a = dv/dt. Lakini swali lako la kwanza halina muda ndani yake. Lina v, na linataka x. Kwa hiyo tunaiondoa t kwa kanuni ya mnyororo:

dv/dt = (dv/dx) × (dx/dt) = v dv/dx

kwa sababu dx/dt ni v yenyewe. Basi:

v dv/dx = −0.02v²

Gawa kwa v pande zote, kisha peleka v zote upande mmoja na x upande wa pili:

dv/v = −0.02 dx

Jumlisha, v kutoka 6 hadi 3, x kutoka 0 hadi x (dv/v ikijumlishwa inatoa ln v, logi asilia):

ln 3 − ln 6 = −0.02x
x = ln 2 / 0.02 = 0.693/0.02 = mita 34.7

Kwenye muda unarudi kwa dv/dt, maana sasa t ndiyo inayotafutwa:

dv/dt = −0.02v²
−dv/v² = 0.02 dt
1/3 − 1/6 = 0.02t
t = sekunde 8.33

Ihakiki. Mita 34.7 kwa sekunde 8.33 ni wastani wa 4.16 m/s. Iko kati ya 3 na 6, sawa. Na iko chini ya 4.5, inavyotakiwa, kwa kuwa boti imetumia muda mrefu zaidi kwenye kasi ndogo kuliko kwenye kasi kubwa. Ungepata wastani wa 5, ningekwambia rudi nyuma utafute kosa.

Umeona nimeandika mipaka, 6 hadi 3, badala ya kuandika +C? Nafanya hivyo kwa makusudi. Nimesahihisha karatasi nyingi mno ambazo C ilisahaulika njiani, na mtoto akapoteza alama kwa hesabu aliyoielewa vizuri. Ukiweka mipaka tangu mwanzo, hakuna cha kusahau.

Jambo moja la kukuchekesha. Kutoka 3 hadi 1.5 m/s boti itakwenda tena mita 34.7 zilezile, ila kwa sekunde 16.7. Kutoka 1.5 hadi 0.75, mita 34.7 nyingine kwa sekunde 33.3. Kila kasi inapopungua nusu, umbali haubadiliki, na muda unazidi maradufu. Kwa hesabu hii boti haisimami milele. Ingevuka ghuba yote hadi Sengerema ikijikokota. Ziwani haiwi hivyo, kwa sababu a = −0.02v² ni makadirio yanayofaa boti ikiwa na mwendo. Ikishakuwa inatambaa, upepo na mawimbi madogo vina sauti kubwa kuliko hiyo kanuni. Ndiyo maana yuko mtu wa upondo, na ndiyo maana nahodha wa kivuko cha Kamanga hasubiri maji yamsimamishe: anazungusha rafadha kinyume kabla hajagusa gati.

Kwa hiyo ukikutana na swali lolote la mwendo wa chembe, cha kwanza uliza: a inategemea nini? Ikiwa ni namba tupu, tumia zile kanuni zako. Ikitegemea t, integreti moja kwa moja, mara ya kwanza upate v, mara ya pili upate x. Ikitegemea v, angalia unachotafutiwa: muda, tumia dv/dt, umbali, tumia v dv/dx. Ikitegemea x, kama boya linalopanda na kushuka kwa mawimbi, v dv/dx ndiyo njia ya kuanzia karibu kila mara. Kwa boya hilo a = −ω²x (ω ni namba isiyobadilika, na A itakayofuata ni umbali mkubwa kabisa linaofika kutoka katikati), na mistari miwili tu inakupa v² = ω²(A² − x²), ambayo najua umeshaikariri bila kujua inakotoka.

Swali la pili ni fupi. Ulichopata, 20, si uongo. Ni mhamo: chembe iko umbali gani kutoka ilipoanzia. Ulichoulizwa ni umbali uliosafiriwa, yaani nyayo zote zihesabiwe, za kwenda na za kurudi. Ukitoka Igoma kwenda mjini, ukakumbuka umesahau pochi, ukarudi, mhamo wako ni sifuri, lakini konda hakurudishii nauli.

Kwa hiyo tafuta kwanza chembe iligeuka wapi. Chukua v:

v = dx/dt = 3t² − 18t + 24 = 3(t − 2)(t − 4)

Inakuwa sifuri kwenye t = 2 na t = 4, na katikati yake ni hasi, maana yake chembe inarudi nyuma. Sasa soma vituo: x ikiwa t = 0 ni 0; t = 2 ni 20; t = 4 ni 16; t = 5 ni 20. Imekwenda 20, imerudi 4, imekwenda tena 4. Jumla 28. Haikuhitaji integresheni, ilihitaji uijue ile sehemu ya kugeuka.

Na kwa kuwa upo hapo, tafuta a = 6t − 18. Kwenye t = 2, v ni sifuri, lakini a ni −6. Wengi huandika kwamba chembe ikisimama mchapuko wake nao ni sifuri. Ingekuwa hivyo, ingesimama ikabaki hapohapo, isingegeuka. Mchapuko ni sifuri kwenye t = 3, na hapo chembe ndiyo inarudi nyuma kwa kasi kubwa kuliko wakati mwingine wowote wa kurudi: v = −3.

Zoezi la nyumbani: boti ileile, 6 m/s, injini imezimwa, ila safari hii a = −0.12v, v bila mraba. Tafuta umbali itakaokwenda mpaka isimame kabisa. Utapata mita 50 kamili. Halafu tafuta muda itakaotumia kuzimaliza hizo mita 50, uniandikie ulichokiona.