Jezi, msimbopau na siasa

SWALI: Kwenye kundi letu la WhatsApp tunasusia bidhaa za Israeli. Tumeambiwa tuangalie msimbopau (ile mistari myeusi yenye namba kwenye pakiti) unaoanza na 729. Inatosha? Na jezi za timu za taifa je?

JIBU: Haitoshi. Tarakimu 3 za mwanzo huonyesha tu kampuni ilisajili namba yake wapi: 729 Israeli, 616 Kenya, 620 Tanzania. Tende za Israeli zikifungashwa na kampuni ya Uholanzi zaweza kuanza na 87. Soma nchi ya asili, yale maandishi madogo nyuma ya pakiti.

Kwenye jezi, lebo ya mshono wa ubavuni hutaja ilikoshonwa tu. Siasa iko kwenye udhamini. Puma, iliyoidhamini timu ya Israeli tangu 2018, ilitangaza Desemba 2023 kwamba haitaendelea, ikisisitiza si kwa sababu ya kususiwa (wasusiaji walishangilia hata hivyo). Hummel, kampuni nyingine ya jezi, nayo ilififisha nembo kwenye jezi za Denmark za Kombe la Dunia 2022, kupinga hali ya wafanyakazi Qatar. Jezi ya tatu ilikuwa nyeusi, ya msiba.

Ukinunua ya mtumba, pesa humwendea muuza mitumba, si kampuni.