Jibu: Kwa nini mteja anaacha bidhaa nzuri ya bei nafuu?

Ndugu, umeuliza kwa nini wateja wanaipita bidhaa yako nzuri na kuchukua ya bei kali. Nadhani unamtazama mteja kana kwamba yuko peke yake. Mwangalie anayechagua simu: anaishika, anaigeuza, anaisifia, halafu anasema, "Ngoja kwanza nimuulize mke wangu." Hapo ujue anayelipa siye anayeamua, na huenda mtumiaji ni binti yao. Tangazo lako linazungumza na nani kati ya hao watatu?

Kuna na wenzake mteja. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwataka watu walinganishe urefu wa mistari, jambo la wazi kabisa. Wasaidizi wake, waliojifanya washiriki, walipotoa kwa pamoja jibu la uongo, takriban robo tatu ya washiriki walilifuata angalau mara moja. Ikiwa mtu anayakana macho yake mwenyewe, sembuse kuchagua viatu!

Utamaduni nao upo: rangi ya harusi kwa hawa ni ya msiba kwa wale. Ila mimi ningeanza na familia. Kabla hujashusha bei tena, waulize wateja watano walishauriana na nani.