Bibi haoni vizuri, lakini anaona watoto wasiokuwapo

Swali: Shikamoo daktari. Bibi yangu ana miaka 82, na presha ya macho imempunguzia sana uwezo wa kuona. Siku hizi, hasa jioni, huona watoto wenye kanzu wamekaa kimya kando ya kitanda. Mwenyewe anajua kwamba hawapo. Je, anarukwa na akili?

Jibu: Marahaba. Umetaja mambo matatu ambayo ningeyauliza kwanza, nayo ni macho dhaifu, akili timamu na maruweruwe yasiyo na sauti. Yakikutana hayo, hali inayofikiriwa mapema ni sindromu ya Charles Bonnet, mwanasayansi wa Geneva ambaye mwaka 1760 aliandika habari za babu yake, mzee mwenye mtoto wa jicho aliyekuwa akiona watu, ndege na majengo huku akijua fika kwamba havipo.

Chanzo kimo katika sehemu ya nyuma ya ubongo inayochambua picha. Taarifa kutoka machoni zinapopungua, sehemu hiyo hailali, bali seli zake husisimka zenyewe na kutunga picha. Uchunguzi wa ubongo kwa mashine umeonyesha kwamba mgonjwa wa aina hii anapoona nyuso, eneo linalotambua nyuso ndilo linaloamka, kana kwamba kuna mtu mbele yake. Kwa hiyo bibi hasingizii, wala hajapagawa. Na ameonyesha ujasiri kulisema, kwani wazee wengi hulificha wakiogopa kuitwa wendawazimu. Mwanga hafifu huzidisha hali hiyo, hivyo washeni taa mapema, naye ajaribu kupepesa macho au kuyahamisha kulia na kushoto mara kadhaa picha zinapomjia.

Hata hivyo, hayo yote yanategemea akili yake kubaki timamu. Akianza ghafla kuchanganyikiwa, kusinzia mchana au kuweweseka, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo au malaria huweza kuuvuruga ubongo wa mzee hata kabla homa haijaonekana. Akisahau sana, mwendo ukawa mzito na mikono kukakamaa, tutafikiria maradhi ya ubongo yenyewe. Sauti zinazomwamrisha mtu ni suala jingine, la kliniki ya afya ya akili.

Kwa sasa aonwe kliniki ya macho. Bebeni dawa zake zote, zikiwamo za mafua na za usingizi mlizonunua dukani, maana baadhi yake, kama promethazini, huweza kuleta maruweruwe kwa wazee.