Breketi ya kutundika spika nzito ukutani
Ndugu, nimeelewa kwamba spika yako ina uzito wa kilo 14 na unahofia kuwa breketi uliyoonyeshwa, iliyoandikwa kwamba inabeba kilo 15, haitatosha. Hofu hiyo ina msingi. Mimi huchagua breketi ya chuma inayobeba angalau mara mbili ya uzito wa spika, kwa sababu mkono wake unapoisogeza spika mbali na ukuta, nguvu inayozivuta skrubu za juu huongezeka, na mtikisiko wa besi huweza kuzilegeza polepole.

Hata hivyo, breketi imara haisaidii kitu kwenye ukuta dhaifu. Zege na matofali yasiyo na matundu hushika vizuri bolti za kutanuka, mradi zipite plasta na kuingia katika tofali lenyewe. Kwenye ukuta wa jipsamu, skrubu ziingie katika nguzo za mbao zilizo nyuma yake. Tumia matundu ya skrubu yaliyowekwa na mtengenezaji mgongoni mwa spika, maana kulitoboa kasha mwenyewe kunaweza kulipasua. Ukishuku kwamba nyaya za umeme au mabomba yanapita hapo, usitoboe kabla ya kumwita fundi.