Nimemaliza gemu jioni moja, kaka ananicheka

*Shikamoo Shangazi. Nilidunduliza miezi miwili nikanunua gemu kwa bei kamili. Niliianza baada ya kula, na kabla ya kulala nikawa nimeimaliza. Ilinitoa machozi. Lakini kaka yangu ananicheka, anasema kwa bei hiyo hiyo yeye alipata gemu ya saa 100. Najiona mjinga. Je, nimepunjwa?*
*Mmaliza Mapema*

Marahaba, mwanangu.

Kuna neno umelipitia harakaharaka: ilikutoa machozi. Sasa niambie, majuto yalianza lini? Gemu ilipokwisha ulikuwa umeridhika. Yalianza kaka alipoleta hesabu zake.

Na hesabu hizo zina kasoro. Ukigawanya bei kwa saa, kila saa inakuwa sawa na mwenzake, hata ile ya kukatiza ramani nzima kupeleka mzigo kwa mtu usiyemjali. Watengenezaji wanajua tunavyopenda namba kubwa. Januari 2022 kampuni ya Techland walitangaza kuwa kumaliza kila kitu ndani ya gemu yao, Dying Light 2, kungechukua saa 500. Walidhani wanaisifia, wachezaji wakang'aka, nani ana muda huo? Ikabidi wafafanue kwamba hadithi yenyewe ni kama saa 20. Portal, gemu ya mafumbo ya mwaka 2007, huisha kwa saa tatu au nne tu na bado inatajwa kwa heshima. Ingevutwa ifike saa 30, utani wake ungechacha.

Kaka mwenyewe ile ya saa 100 ameimaliza? Muulize kwa upole. (Mimi ninayo moja iliyonishinda katikati, tusiitaje.)

Ila sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: akiba ya miezi miwili si kitu cha kuchezea. Kama hiyo ndiyo gemu pekee utakayoipata kwa muda mrefu, kutaka ikae ni haki yako. Siku nyingine, kabla ya kulipa, tazama wenzako waliimaliza kwa saa ngapi. Ikiwa fupi, ngoja punguzo, hadithi haiozi. Kuirudisha ndiyo usahau. Hata Steam, duka la gemu la mtandaoni, wanaokubali maombi ya kurudishiwa pesa ndani ya siku 14, wanataka uwe umecheza chini ya saa 2. Wewe sahani umeshairamba.

Icheze tena wikiendi hii, kaka akiwa pembeni. Usimwambie inavyoisha.